Verna Skaar na Chupa Zilizogeuka Njano

Ijumaa ya tarehe 29 Mei 2026, Bi Verna Skaar, mtunzaji mkuu wa seli katika maabara ya virusi ya taasisi yetu, atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na minane, miezi tisa na siku ishirini na sita. Hesabu hiyo ameipiga mwenyewe na kuniagiza nisiipunguze hata siku moja.

Nimeshaandika wasifu wa wastaafu tisa katika jarida hili. Kazi yenyewe si ngumu: mtu alikuja, akafanya kazi, alipenda kuvua samaki kwenye barafu, tunamtakia heri. Huu wa Verna umenishinda mara tatu. Kila nikikaa kuandika naikumbuka Januari iliyopita, na kalamu inagoma, kwa sababu mshtuko wenyewe haujanitoka. Mimi ni Duane Pelkey, ninayeosha vyombo na kuendesha mashine ya mvuke ya kuulia vijidudu, mlango wa pili kutoka kwake. Nimefanya kazi naye miaka ishirini na miwili nikidhani namjua.

Verna alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, kusini-magharibi mwa jimbo la Wisconsin. Alikuja kwetu Jumatatu ya tarehe 3 Agosti 1987, akiwa na miaka ishirini na sita, baada ya baba yake kuuza ng'ombe. Hakuwa na shahada. Mkuu wa maabara wa wakati ule, marehemu Daktari Harlan Moe, alimuuliza kama amewahi kutunza kiumbe kisichoweza kusema kina njaa. Verna akajibu kwamba amewahi kutunza themanini kwa mpigo, na wote walikuwa na pembe. Akaajiriwa palepale.

Siku hiyo ya kwanza Daktari Moe alimpa sheria moja tu: ukiona njano, lisha. Kwa wasomaji wetu wa idara ya uhasibu na wa ghala, sheria hiyo inahitaji maneno mawili matatu. Seli za binadamu tunazozikuza huishi ndani ya chupa bapa, katika maji ya lishe ambayo sisi tunayaita supu. Supu hiyo imetiwa rangi, na ikiwa mpya ni nyekundu. Seli zikila sukari hutoa asidi, kama maziwa yanavyochachuka, na rangi hubadilika polepole hadi kuwa njano. Chupa ya njano maana yake seli zimemaliza chakula na zinakalia uchafu wao. Hapo unamwaga nusu ya supu ya zamani, unatia mpya kiasi kilekile, na chupa inarudi kuwa nyekundu. Verna aliishika sheria hiyo kama wengine wanavyoshika amri kumi.

Visa vyake ni vingi na nafasi niliyopewa ni ndogo. Wakati wa dhoruba ya theluji ya mwaka 1990 umeme ulikatika kwa saa kumi na nne na makabati ya joto tunamokuzia seli yakaanza kupoa. Verna alizichukua chupa kumi na mbili, akazifunga tumboni chini ya koti lake la kuwindia, akakaa ndani ya gari lake na kuwasha kipasha joto. Seli zote zilipona, ila gari halikuwaka tena hadi Aprili. Aliwafundisha wanafunzi sitini na mmoja jinsi ya kushika chupa bila kuitia vijidudu, na wengi wao leo ni maprofesa wanaojidai walizaliwa wakijua. Alipiga marufuku manukato katika chumba chake. Profesa mmoja mgeni aliyekuja akinukia kama duka la maua alifanya mazungumzo yake yote akiwa koridoni, na Verna akimjibu kupitia kioo.

Halafu kuna soseji. Kila Novemba, Jumamosi ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki unafunguliwa, na nusu ya taasisi hii inatoweka kwa siku tisa. Verna hajawahi kukosa msimu hata mmoja. Hizo ndizo siku pekee za mwaka ambazo hafiki kazini, maana hata Krismasi hupita kuchungulia. Kulungu akipatikana, Desemba tunaletewa soseji, kila pakiti imebandikwa utepe uleule tunaobandika kwenye chupa za seli: aina ya mnyama, jinsia, tarehe, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Pakiti hizo hukaa kwenye friji ya chumba cha chakula, kamwe si ya maabara. Sheria ya kukataza chakula kwenye friji za maabara aliiandika yeye.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe.

Kirusi tunachokichunguza hapa wanacho watu wazima wengi bila kujua wala kuugua. Lakini kikimfikia mtoto aliye tumboni kinaweza kumwibia usikivu kabla hajazaliwa. Nacho, kama virusi vyote, hakina jiko. Kikiingia ndani ya seli kinateka jiko la wenyewe. Protini zake zinaanza kutoa amri: fungueni milango, ingizeni sukari maradufu, pikeni haraka, na hicho mnachopika msile ninyi, kigeuzeni mafuta ya kunishonea koti. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mgeni methali hiyo haijamfikia. Swali lililotuweka mjini ni hili: kati ya protini zake nyingi, ipi ndiyo inayotoa amri ya sukari? Ukiijua, pengine siku moja utaweza kuifunga mdomo.

Mwaka 2020 alikuja Mai Yer Lor, binti wa wahamiaji kutoka Asia walioishi mji wa Wausau, kusomea shahada ya uzamivu. Ni mtaratibu, haongei sana, na ndiye mwanafunzi pekee niliyemwona akiosha chupa zake kabla ya kuniletea nizioshe. Mai Yer alishuku protini ambayo kwenye orodha yetu ina namba 27. Tatizo ni kwamba mkuu wetu wa sasa, Profesa Roland Kubiak, alishaichunguza 27 mwaka 2015 na kuchapisha makala iliyosema haihusiki kabisa na ulaji wa seli. Makala hiyo ilimpa jina. Alimruhusu binti kujaribu kama vile mtu anavyomruhusu mgeni atafute funguo mahali alipokwisha kupekua mwenyewe.

Jaribio lilikuwa rahisi kulieleza. Chupa za kundi la kwanza zinatiwa kirusi kamili. Za kundi la pili zinatiwa kirusi kilichoondolewa protini 27. Unazifungia kwenye kabati la joto siku tatu, kisha unapima sukari iliyobaki kwenye supu. Kama 27 ndiyo inayotoa amri, kundi la kwanza litakuwa limefakamia sukari yote na la pili litakuwa limekula kistaarabu.

Novemba 2023 Mai Yer alipata tofauti kubwa mno. Profesa akamwambia arudie. Akarudia Januari, Machi, Mei: hakuna kitu, makundi yote yanafanana. Novemba 2024 tofauti ikarudi, kubwa vilevile. Akarudia tena miezi iliyofuata, hakuna kitu. Novemba 2025, tofauti. Desemba, hakuna. Majaribio kumi na manne, na matatu tu yanasema anachotaka yeye. Kila mtu aliyesoma sayansi anajua jina la mwanafunzi wa namna hiyo, na jina hilo lilianza kusemwa, kwanza chinichini, kisha waziwazi. Anapika matokeo. Nililisikia kwenye foleni ya kahawa na sikulipinga. Mwanzoni mwa Januari mtu wa chuo kingine aliniuliza habari hizo kwa simu, nikajua yamevuka kuta zetu. Mai Yer naye alijua, na baya zaidi, mama yake kule Wausau alikuwa ameshaambiwa na jamaa mwenye binamu anayesoma hapa.

Profesa Kubiak si mtu katili. Lakini aliitisha kamati ikae Ijumaa ya tarehe 30 Januari iamue kama binti huyu aendelee na masomo au afunge virago. Miaka mitano na nusu ilikuwa inakwenda na maji, pamoja na jina lake.

Alhamisi ya tarehe 22, saa ya chakula cha mchana, tulikuwa watatu mezani. Mai Yer alikuwa ametandaza madaftari yake yote akitafuta kosa lake kwa mara ya mia. Hakuwa amegusa chakula alichotumiwa na mama yake. Verna alikuja na pakiti ya soseji iliyoyeyuka barafu, akaiweka pembeni ya daftari lililokuwa wazi, akaanza kutafuta kisu. Kisha akasita. Utepe wa pakiti uliandikwa: kulungu, dume, 23 Nov 2025. Daftari lilikuwa limeandikwa juu, kwa wino mwekundu: 22 hadi 25 Novemba 2025.

"Hii tarehe umeizungushia wino mwekundu ya nini?" Verna aliuliza.

"Ni moja ya zile tatu, Shangazi," Mai Yer akasema. Kwao mwanamke wa umri ule haitwi kwa jina tupu, na Verna alishaacha kumkataza. "Siku ambazo kirusi kinanitii. Siku nyingine zote kinanicheka."

Verna akaomba aonyeshwe nyingine mbili. Akafunua madaftari polepole, akasoma, akarudia kusoma.

"Hizi ni tarehe za kulungu wangu," akasema.

Mimi nilicheka. Nilidhani ni mzaha, maana Verna ana mizaha mikavu ya namna hiyo. Hakucheka. Alimuuliza Mai Yer zile chupa za kirusi kamili zilikuwa na rangi gani asubuhi ya pili. Mai Yer akasema katika yale majaribio matatu zilikuwa njano, katika mengine yote zilikuwa nyekundu kama za wenzake, na hilo ndilo alilokuwa hajalielewa. Verna akavuta kiti, akaketi.

"Mimi huzilisha," akasema. "Kila asubuhi. Zile za njano."

"Chupa zangu?"

"Za kila mtu, mwanangu."

Ndugu wasomaji, niwaeleze. Verna hufika kazini saa kumi na moja na dakika arobaini asubuhi. Wanafunzi hufika saa tatu, na wengine saa nne wakiwa bado wamelala. Katika masaa hayo hupita kabati baada ya kabati, na kila chupa ya njano huibadilishia nusu ya supu. Haandiki popote, kama ambavyo wewe huandiki kwamba umefuta meza. Na kwa kuwa hulisha za njano tu, chupa zilizokuwa zinafakamia sukari ndizo pekee zilizoongezewa sukari. Zile zilizokula kistaarabu hakuzigusa. Siku ya tatu binti anapima na kukuta makundi yote mawili yanafanana. Kila kitu ambacho kirusi kilifanya usiku, Verna alikifuta alfajiri kwa mikono misafi na moyo mweupe. Isipokuwa siku tisa kila Novemba, akiwa porini na bunduki, wakati Mai Yer akiwa amebaki peke yake kwenye jengo kwa sababu wiki hiyo mashine zote hazina foleni.

Na mimi je? Mimi ndiye niliyekuwa naosha chupa tupu za supu. Miaka yote nimekuwa nikiona zinazorudi kwangu ni nyingi kuliko zinazoandikwa kuwa zimetumika, na nikajiambia wasomi hawajui kuhesabu. Nilikuwa na ushahidi kwenye sinki langu na nikauosha kwa sabuni.

Wahenga wanasema wema hauozi. Sijui wangesemaje kuhusu huu.

Mai Yer alikuwa wa kwanza kusema, na alichosema kilinishangaza kama kile alichokisikia. Alisema hakuna haja ya kumtaja mtu. Atamwomba Profesa nafasi moja ya mwisho, Verna achukue likizo siku nne, jaribio litoke lenyewe, basi. Alikotoka, mtu mzima hasimamishwi mbele za watu aaibishwe, hata kama ni kwa ajili ya shahada. Nami nikamuunga mkono, tena kwa ari. Nilimwambia Verna amebakiza miezi minne, saa ya ukutani tutakayompa imeshaagizwa, ajilindie heshima yake. Naliandika hapa kusudi, ili ijulikane nani aliyetoa ushauri wa kipumbavu.

Verna alitusikiliza sote wawili. Kisha akaikata soseji vipande vitatu vilivyo sawa, akatugawia.

Mkutano wetu wa Jumatatu una watu kumi na mmoja na sinia la keki ya Kidenmaki ya kutoka mji wa Racine, ambayo Profesa hukata mwenyewe. Verna huketi karibu na mlango. Katika miaka yote hiyo alikuwa amezungumza mkutanoni kuhusu sabuni, glavu, na mtu aliyeacha mlango wa friza wazi. Tarehe 26 Januari alisimama kabla keki haijakatwa. Alisema habari yake yote kwa dakika mbili, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya chupa iliyovunjika: saa anayofika, anachofanya, tarehe tatu za Novemba. Akasema Mai Yer hajapika kitu. Akaketi.

Profesa Kubiak alikuwa ameshika kisu cha keki. Niliuona uso wake ukipiga hesabu, na nikaona hesabu ilipofika, maana makala yake ya mwaka 2015 ilitoka kwenye makabati yaleyale, kwa supu ileile, mikononi mwa mtu yuleyule.

"Umekuwa ukifanya hivi tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ya kwanza, Roland. Niliambiwa nikiona njano nilishe. Hakuna aliyewahi kuniambia niache."

Na ni kweli. Enzi za Daktari Moe kazi ilikuwa kukuza virusi na kuvihesabu, na seli iliyoshiba ilikuwa seli nzuri. Maabara ilipogeuka kuchunguza jinsi seli zinavyokula, tulinunua mashine mpya, tukaajiri madaktari wapya, tukapaka rangi ukuta. Mtu mmoja hatukumwambia kwamba swali limebadilika, na huyo ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kila kabati. Nawaomba vijana wa maabara zote za jengo hili walisome hilo mara mbili.

Profesa aliahirisha kamati. Jaribio likapangwa kuanza tarehe 3 Februari. Kabati lilifungwa, likabandikwa utepe na kutiwa saini za watu watatu, na ufunguo akaushika Profesa. Verna aliomba mwenyewe awepo, akaketi kwenye kiti kifupi mbele ya mlango wa kioo, mikono mfukoni. Asubuhi ya kwanza chupa za kirusi kamili zilikuwa za rangi ya chungwa. Kufika alasiri zilikuwa njano. Nilimtazama na kumwonea huruma. Alikuwa kama mfugaji anayesikia ng'ombe wake wakilia wakati wa kukamuliwa naye amefungiwa nje. Aliniambia hajawahi kuona chupa ya njano ikiachwa makusudi, na kwamba vidole vinamwasha. Hakuondoka kwenye kile kiti.

Siku ya tatu tulikusanyika wote. Chupa za kirusi kamili zilikuwa njano kama haradali. Chupa za kirusi kisicho na 27 zilikuwa nyekundu. Zilisimama kwenye rafu moja, nne upande huu na nne upande ule, na hukuhitaji mashine wala shahada kuona. Mimi mwosha vyombo niliona. Kwenye zile za njano sukari ilikuwa imekwisha kabisa, na chini ya hadubini seli zilikuwa zimejaa matone ya mafuta. Mai Yer hakulia wala kucheka. Alisimama ameziba mdomo kwa mkono, akitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa barua ya mtu aliyedhaniwa amekufa. Profesa aliinama kwenye hadubini muda mrefu sana.

"Miaka kumi na moja," alisema alipoinuka.

Jaribio lilirudiwa mara tatu zaidi. Mara zote tatu lilisema lile lile. Kamati haikukaa tena kujadili kumfukuza mtu. Tarehe 8 Mei ilikaa kumsikiliza Mai Yer Lor akiitetea tasnifu yake, na akatoka ukumbini akiwa Daktari.

Ningeweza kumalizia hapo, na nilitaka hivyo. Lakini kulikuwa na makala ya mwaka 2015, na jarida lililoichapisha lilihitaji masahihisho. Profesa aliyaandika mwezi wa Machi. Ilikuwa aya moja fupi iliyosema kwamba matokeo yale hayakuwa sahihi, kutokana na hitilafu ya kiufundi katika utunzaji wa seli. Alimwonyesha Verna kwa wema, akiamini amemsitiri. Nilikuwepo, nimekwenda kuchukua chupa.

Verna alivaa miwani, akasoma, akamrudishia karatasi.

"Andika jina langu," akasema.

Profesa alimweleza kwamba si desturi. Masahihisho hayataji watu, na fundi wa maabara ndiyo kabisa. Alisema anamlinda.

"Unanilinda mimi, sasa yeye nani atamlinda?" Verna alisema. "Ukiandika hitilafu, Roland, watu watauliza ya nani. Watatazama nani mdogo kuliko wote humu, nani walishamsema tangu zamani. Mimi naenda nyumbani. Huyu binti ndiyo kwanza anaanza kutafuta kazi. Andika jina."

Walibishana wiki mbili. Mai Yer naye aliingia, akimsihi aache. Verna hakusogea hata inchi. Katikati ya ubishi huo nilipatwa na wazo la kwenda maktaba, nikapekua kila makala iliyotoka katika maabara yetu tangu Agosti 1987. Ni mia mbili na kumi na mbili. Kila moja ilifanywa kwa seli alizozikuza yeye. Jina lake halimo miongoni mwa waandishi wa hata moja. Katika tisa ameshukuriwa mwishoni, kwa herufi ndogo, na katika mbili kati ya hizo tisa jina limekosewa. Nilirudi nikaketi kwenye gari bila kuliwasha. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nampita kwenye korido ile nikimwambia habari za asubuhi.

Mai Yer ameliweka jina la Verna kwenye makala mpya ya 27, la pili, mara baada ya lake mwenyewe, na Profesa ameridhia. Lakini makala mpya huchukua miezi kutoka. Masahihisho yalitoka Jumatano iliyopita, tarehe 20 Mei. Yaani mara ya kwanza katika maisha yake Verna Skaar kuchapishwa katika jarida la sayansi, amechapishwa kwa kosa, na kwa kulitaka mwenyewe. Sentensi mbili za mwisho aliziandika kwa mkono wake: kwamba chupa zilizogeuka njano zililishwa na Verna Skaar, mtunzaji wa seli, bila kuandikwa popote, na kwamba vipimo vyote kumi na vinne vya Mai Yer Lor vilikuwa vya kweli tangu siku ya kwanza.

Sherehe ya kumuaga ni Ijumaa saa tisa alasiri, chumba cha chakula, kila mtu aje na sahani yake. Kwa niaba ya wote nasema asante, Bi Verna: kwa seli, kwa soseji, kwa wanafunzi sitini na mmoja. Na kwa hili la mwisho, ambalo Mai Yer amenipa ruhusa kulisimulia.

Jumamosi iliyopita Verna aliniomba nimchapie nakala mbili za ukurasa ule. Moja aliiweka kwenye pochi. Ya pili aliipeleka mwenyewe kwa gari, mwendo wa zaidi ya saa mbili, hadi Wausau, kwa mama yake Mai Yer, ambaye alikuwa amebeba ule uvumi kifuani majira yote ya baridi. Mama huyo hasomi Kiingereza, kwa hiyo mwanawe wa kiume alimsomea, sentensi baada ya sentensi, akimtafsiria. Walipofika mwisho mama akaomba arudiwe lile jina. Kisha akamuuliza mgeni wake aliyekaa kwenye kochi, kupitia kwa mwanawe, huyu Verna Skaar aliyemharibia binti yangu miaka miwili ni nani.

"Ni mimi," Verna akasema. "Nimekuja ili unione uso."

Bi Verna, uishi miaka mingi, kwa afya na kwa amani, na popote utakapoketi watu wajue wameketi na nani.